Matatu zetu ziko na mpango, ni vile tu haukuwa umeandikwa

Huu mwaka wa sita niko Marekani na watu wa nyumbani huniuliza kama kweli huku kila kitu kimepangwa. Kwa usafiri, eeh, kiasi. Asubuhi baridi inakata masikio natoa simu nacheki, basi liko dakika nne, naliona likisogea kwenye ramani mpaka kona ya kanisa. Kuna siku linapotea tu kwa skrini na haliji, lakini siku nyingi linakuja.

Nairobi nilikua nikiuliza watu. Kutoka Buruburu kwenda Kawangware unapanda matatu namba 58 mpaka tao, yaani katikati ya mji, unashuka, unapenya umati na mikokoteni hadi steji ya 46, ukipotea makanga wa gari lingine kabisa anakuonyesha kwa kidole. Mvua ikianza nauli inapanda, na hiyo hakuna ramani inakuambia.

Ndo maana kazi ya Digital Matatus, mradi wa kuchora ramani ya njia za matatu za Nairobi, ilinigusa sana. Sarah Williams wa chuo cha MIT na Jacqueline Klopp wa chuo cha Columbia, vyote vya huku Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi na wanafunzi waliopanda matatu simu mkononi, wakarekodi steji moja moja mpaka zikapatikana njia zaidi ya 130, 2014 wakatoa ramani yenye rangi kama ile ya treni za chini ya ardhi za London, na 2015 data ikaingia Google Maps. Walichora kile makanga anakijua kwa kichwa! Na ukiitazama tu unaona karibu kila njia inaingia tao, kwa hivyo mama wa Eastlands anayefanya kazi Westlands lazima apite katikati ya mji, abadilishe gari, alipe mara mbili. Tumeyapitia hayo miaka na miaka lakini mpangaji wa mji alikuwa hana karatasi ya kuyaona.

Kinachoniuma ni hii, steji za tao zimehamishwa hamishwa sana. Disemba nikiwa nyumbani nilifuata ramani ya simu mpaka mahali nikakuta hakuna gari hata moja, kijana wa kuuza maji ndo akanielekeza. Huku nilipo data ya mabasi inarekebishwa kila ratiba ikibadilika, ni kazi ya mtu analipwa. Kwetu tusiachie watafiti peke yao. Kaunti itenge pesa kila mwaka, wanafunzi warudi ndani ya matatu, waanze na hizo steji zilizohama.