Na sisi mawinga wa mtandaoni tusikilizwe

Kuna habari iliyowapa nafasi wenye maduka ya mtandaoni walalamike kwamba mawinga, yaani sisi tunaowatafutia wateja kwa kamisheni, hawana uaminifu. Mimi ni winga. Sisimami Kariakoo mtaa wa Kongo kuvuta wateja, naposti viatu na mikoba kwenye status na Instagram, mtu akinunua kupitia kiungo changu napata kamisheni.

Mwaka jana dada mmoja wa Mbagala alibonyeza kiungo usiku, akaweka viatu kikapuni, akalipa siku ya tatu mshahara ulipotoka. Sikupata hata shilingi. Kumbe kiungo kilihesabu manunuzi ya ndani ya saa 24 tu tangu kubonyezwa, na mwenye duka hakuwahi kuniambia! Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani walioanza mpango wa aina hii mwaka 1996, nao wana saa 24, lakini masharti yameandikwa wazi, na mteja akiweka bidhaa kikapuni ndani ya muda huo, kamisheni ya winga inalindwa karibu miezi 3.

Halafu mzigo. Unaposti viatu namba 38 siku nzima, watu wanatuma hela, ndipo unaambiwa imeisha tangu juzi. Mteja hamjui mwenye duka, ananijua mimi, na matusi yanakuja kwangu.

Jamani, si kwamba haiwezekani. Kuna mama mmoja wa Sinza namuuzia vitenge vyake. Kila Ijumaa jioni kamisheni inaingia kwenye simu, pamoja na picha za vilivyoisha. Bei ikipanda ananipigia kwanza. Wateja wake sijawahi kuwapeleka kwa mwingine, na sina mpango huo.