Nyaya Zilizogeuzwa Kwenye Swichi ya Kutenganisha Umeme Mkubwa

Mafundi hubishana: kuna ubaya gani nyaya zinazoleta umeme zikiungwa sehemu ya chini ya swichi ya kutenganisha, yaani ile ya kukata umeme wote unaokwenda kwenye mashine, na zinazokwenda kwenye mashine zikiungwa juu? Wanaosema hakuna ubaya wana hoja ya kweli, kwa sababu mashine itawaka na kuzimika vilevile, na fyuzi itakatika mkondo ukizidi.

Hata hivyo, hoja hiyo inaitazama swichi ikiwa kazini tu, ilhali swichi hii huwekwa hasa kwa ajili ya mtu anayefanya matengenezo. Katika swichi nyingi za visu, yaani zenye vipande vya chuma vinavyosogezwa na mpini, umeme huingia juu, kwenye meno yasiyosogea yanayovishika visu hivyo, ili mpini ukishushwa visu na fyuzi zibaki bila umeme. Nyaya zikigeuzwa, fundi anashusha mpini, mashine inanyamaza, anaona kabisa visu vimeachana na meno, kisha anapeleka mkono kwenye fyuzi ambayo bado ina volti 400.

Wapo wanaojibu kwamba fundi makini hupima kwanza, na kwamba hata swichi iliyoungwa sawasawa inaweza kurudishiwa umeme na jenereta, paneli za jua au kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) za upande wa pili. Ni kweli, na kupima hakuna mbadala. Lakini kuwapo kwa hatari moja hakuhalalishi kuongeza nyingine kwa makusudi.

Kwenye mkondo mnyoofu, ule wa paneli za jua na betri, kosa hili ni zito zaidi. Mkondo geu, ule wa gridi, wa hezi 50 hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ndefu inayoruka visu vinapoachana hupata nafasi ya kufa. Mkondo mnyoofu hauna nafasi hiyo. Baadhi ya swichi zake hutumia sumaku kuisukuma cheche hiyo kwenye chumba cha kuizimia, na mkondo ukipita kinyume, kwa sababu nyaya zimegeuzwa au chanya na hasi zimebadilishana mahali, sumaku ileile huisukuma upande usiofaa, swichi ikaungua ikiwa mkononi mwa anayeizima.

Kuhusu kibandiko cha onyo, ambacho wengine hukiona suluhisho la gharama nafuu, nakikubali pale ambapo pande zote mbili zina chanzo cha umeme na hilo haliepukiki. Pale ambapo nyaya zimegeuzwa kwa uzembe, umeme ukatwe kwenye swichi iliyotangulia, upande wa chanzo, upimwe, na nyaya zirudishwe mahali pake.