Petroli ya zamani "ilikuwa na nguvu"

Jumamosi nilipeleka gari gerejini kwa mjomba, Temeke, nikakuta soga limekolea: petroli ya siku hizi maji matupu. "Ile ya zamani, mpwa wangu, ilikuwa na risasi ndani. Injini inaitika!" Mafundi wakaafiki, hata vijana ambao hawakuwahi kuinusa. Nilinyamaza, mkubwa hakatizwi. Hapa kwangu sinyamazi.

Nguvu ipi? Ile ilikuwa sumu, tetraethili ya risasi: kemikali yenye risasi, ile metali, si ya bunduki. Chini ya kijiko cha chai kwa galoni, injini haigongi tena, yaani petroli hailipuki ndani yake kabla ya wakati. Haya, nakubali shingo upande, ilifanya kazi, na kwa bei chee. Aliyeivumbua kazi hiyo mwaka 1921 ni Thomas Midgley wa General Motors, Marekani. Ila kuipeleka sokoni wakaiita "Ethyl". Basi. Neno risasi limeyeyukia wapi?

Walijua! Midgley mwenyewe ilimdhuru mwilini, mapema 1923 akaenda Florida kupunga hewa. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, kilichoitengeneza, wakafa baada ya kurukwa na akili. Kiwanda kingine wenyewe walikibatiza Nyumba ya Vipepeo, kwa jinsi watu walivyokuwa wakipunga mikono kufukuza wadudu wasiokuwepo. Bwana mkubwa Midgley akafanyaje? Akaita waandishi wa habari, akajimwagia dawa ile mikononi, akaivuta puani dakika nzima. Haina neno, eti. Mtu aliyetoka kuugua juzi! Na dunia ikaendelea kuichoma kwa miongo mingine.

Kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Algeria ikafunga mlango 2021. Vindege vidogo vya pistoni hadi leo vinaibugia, lakini hayo siku nyingine.

Mjomba namkumbuka akivuta petroli kwa mpira, mdomo mtupu, anatema pembeni, anafuta midomo kwa kiganja, anaendelea na chapati yake. Na plagi? Kazi yangu hiyo, likizo ya darasa la tatu: brashi ya waya mkononi, nasugua ule ukoko wa kijivu wa risasi, kisha napuliza, fyuu, vumbi lote linanirudia usoni. Nalipwa soda. Risasi hula ubongo wa mtoto, na kiwango salama hakijulikani.

Matokeo yangu ya hesabu darasa la nne msiniulize.