DX iliyoshushwa inagonga kwa kukosa nafasi

Mafundi wakongwe wa hapa Nakuru wana jibu moja kwa mwenye Toyota Corolla DX iliyopunguzwa kimo ("iliyoshushwa") anayelalamika kwamba mbele inagonga: rudisha springi za kampuni, rudisha ringi za inchi 13, yaishe. Ni ushauri wa watu wanaoijua kazi. Kwa anayepanda Molo kila wiki kwa njia za udongo, sina la kuupinga. Hata Datsun zilizompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, zilisimama juu.

Ila ushauri huo unaubebesha ushushaji lawama yote, na vijana wanaozipenda gari hizi wanaonekana wajinga. Hapo ndipo sikubaliani.

Mwezi uliopita tulivua kifuniko cha vumbi kwenye shoki ya mbele ya DX ya rafiki yangu, tukafunga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shoki, ikabana kidogo, tukaisukuma hadi chini. Tukaenda Kenyatta Avenue na kurudi. Tulikuta kamba imesukumwa juu hadi kwenye stopa, yaani kile kimpira cha juu kinachozuia shoki isijifunge kabisa, na mpira wenyewe umepasuka. Kwa kila tuta, gari lilikuwa linamaliza safari ya springi na kuangukia kile kimpira.

Tuseme gari likisimama, gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla ya shoki kugusa stopa. Ukilishusha 40, zimebaki 40. Wengi husema nafasi imepungua nusu, basi springi iwe ngumu mara mbili. Sivyo. Nishati inayomezwa na springi hufuata mraba wa safari yake, kwa hiyo pigo lilelile la tuta sasa linataka springi ngumu mara 4. Mara nne! Na ile springi iliyokatwa kwa disiki ya grainda ili gari lishuke imeongeza nini? Ikiwa koili (mizunguko ya springi) zinazofanya kazi ni 8 na umekata 1, ugumu umepanda kwa takriban asilimia 14 tu. Umeondoa nusu ya nafasi, ukalipa asilimia 14. Deni lililobaki linalipwa na stopa, kisha bodi, kisha mgongo wa dereva. Anayekwenda kununua shoki ngumu kuliko zote ili "kukaza" mbele anajiongezea maumivu, maana shoki haiongezi nafasi hata milimita moja.

Dawa ni kuzirudisha zile milimita. Shoki ya mbele ya DX ni bomba lenye katriji inayotoka, yaani shoki yenyewe iliyo ndani yake, kwa hiyo bomba linaweza kukatwa, kuchomelewa likiwa fupi na kuwekwa katriji fupi. Gari linabaki chini na fimbo inapata pa kwenda. Jambo la pili ni mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na gari kwa chini. Gari likishuka, mkono huo huelekea juu upande wa gurudumu, na bodi hulala sana kwenye kona, ndiyo maana watu hukimbilia springi ngumu. Kibati kinene kati ya mguu wa shoki na mkono wa usukani huurudisha karibu na ulalo wake wa awali. Tairi nazo: 195/45 ya inchi 15 ina ukuta wa milimita 88, wakati 175/70 ya inchi 13 ina kama 122. Ukuta huo nao ni springi.

Hoja nzito ya wakongwe, kwangu, ni uchomeleaji. Bomba hilo limebeba gurudumu na breki. Likikatika barabara ya Nairobi hakuna wa kulaumiwa ila wewe. Kama huna welda unayeweza kumkabidhi maisha yako, pamoja na fundi wa leidhi (mashine ya kuchonga chuma) wa kukuchongea kipande cha kuingia ndani ya bomba pale linapoungwa, wasikilize wakongwe. Lakini wao pia wakubali kwamba springi iliyokatwa, ambayo gurudumu likining'inia kwenye shimo hulegea na kutoka kwenye kiti chake, si salama zaidi, na hiyo wameikata wengi wao.

Rafiki yangu alifanya yote isipokuwa tairi. Kimo ni kilekile. Kamba ya plastiki sasa husimama vidole viwili chini ya stopa. Pale getini kwao sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, bado inakwaruza, na hilo, katriji hailiwezi.