Mtoro naye ana jambo analolithamini

Ukisimama mstarini Jumatatu asubuhi katika shule nyingi za kata hapa Tanzania, utasikia hotuba ileile. Someni mpate kazi nzuri. Someni mjenge, mnunue magari. Msiposoma mtaishia vijiweni. Kisha yanasomwa majina ya watoro, fimbo zinafuata, kengele inagongwa, watoto wanaingia madarasani. Nafundisha Biolojia katika shule ya namna hiyo, upande wa Ziwa Viktoria, na nina uhakika kwamba hotuba ile inawapita juu ya vichwa wengi wa wanaosimama pale, kwa kuwa inawaahidi vitu ambavyo havijawahi kuwakosesha usingizi.

Ninapopokea Kidato cha Kwanza huwapa karatasi nusu na swali moja la kujibu kwa Kiswahili: ni kitu gani katika maisha yako ambacho usingekubali kukipoteza? Siwataki waandike majina yao. Gari karibu halitajwi kabisa. Wanamtaja mama. Wanawataja wadogo zao na bibi aliyewalea. Wengine wanaandika swala, kwaya ya kanisani, ng'ombe wa babu. Wapo wanaoandika heshima, na ukisoma zaidi unagundua wanazungumzia kutochekwa mbele za watu. Watoto wa miaka 13 na 14 wanaingia getini na tunu ambazo zimeshakomaa, zikitoka nyumbani, msikitini, kanisani na mwaloni, kule ufukweni mitumbwi ya wavuvi inakoshusha samaki. Sisi walimu tunawahutubia kana kwamba wamekuja mikono mitupu na kazi yetu ni kuwajaza tamaa.

Chukua mtoro wa kwetu. Wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauonekani usiku, mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa zake, na asubuhi kuna dagaa wa kubeba, kuanika na kugeuza. Mbalamwezi ikirudi, wavuvi wanapumzika. Daftari la mahudhurio la shule yoyote iliyo karibu na mwalo linafuata mwezi uleule: majina ya wavulana yanapukutika wakati wa giza na kurudi mbalamwezi inapowaka. Kwenye daftari tunaandika U, utoro. Kamati ya nidhamu inamwita mzazi. Kijana anaulizwa kwa nini hapendi shule, naye anainamisha kichwa.

Lakini fuatilia ile hela ya mwaloni inakoishia. Imelipia unga. Imemnunulia mdogo wake wa darasa la nne madaftari. Kijana huyu hajapungukiwa ari hata kidogo. Ameamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu, amefanya kazi ngumu kwenye baridi, na faida yote ameikabidhi kwa mama. Wajibu kwa familia ndio unaomwondoa darasani. Wajibu huohuo ndio ungeweza kumweka kwenye kiti usiku akisoma. Tofauti ni kwamba ziwa linalipa kesho asubuhi, shule inalipa baada ya miaka sita au kumi, na hata hapo hakuna anayemhakikishia.

Hili halipo kwetu tu. Mwaka 1999 Andrew Fuligni na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia zaidi ya vijana 800 wa sekondari huko Marekani, wenye asili ya Ufilipino, China, Meksiko, Amerika ya Kati na Kusini, na Ulaya. Waliwapima jinsi wanavyouona wajibu wa kuisaidia na kuiheshimu familia. Vijana wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini waliuheshimu wajibu huo kuliko wenye asili ya Ulaya, na walioujali zaidi walikuwa na mtazamo mzuri zaidi kuhusu masomo. Kwenye alama ndiko kulikokuwa na jambo zito: wale walioubeba wajibu huo kwa uzito wa juu kabisa walipata alama za chini sawa na wasioujali, au hata chini yao. Niliposoma matokeo hayo niliwaona wanafunzi wangu. Kupenda familia kunamsukuma mtoto asome mpaka kufikia kiasi fulani. Mzigo ukizidi kiasi hicho, mapenzi yaleyale yanamnyang'anya muda na usingizi wa kusomea.

Kuna kipande kingine ambacho watu wanaohimiza maadili na ndoto hukiruka. Mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake, tangu mwaka 1983, wameeleza kwamba mwanafunzi hujiuliza mambo mawili kabla ya kuweka juhudi: jambo hili lina maana kwangu? Na je, nitaliweza? Jibu la pili likiwa hapana, la kwanza halimsaidii. Kwetu swali la pili limekaa mahali pabaya sana, na sababu yake kila mwalimu anaijua. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, ameuelewa moyo na mapafu na mfumo wa chakula, halafu Januari anaingia Kidato cha Kwanza na vitu hivyohivyo vinafundishwa kwa Kiingereza ambacho hakijui. Ndani ya muhula mmoja anaanza kujiona mjinga katika mambo aliyokuwa akiyajua. Ongeza Hisabati, ambayo mwaka baada ya mwaka ndiyo inayoangusha wengi kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Ongeza na kumbukumbu za nyumbani. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, yaani walifeli, mpaka serikali ikaunda tume na madaraja yakapangwa upya. Wahitimu wale leo ni kaka na dada wakubwa, wengine ni wazazi. Mtoto aliyekua akisikia simulizi hiyo mezani anaingia shule akiwa na jibu la swali la pili tayari mfukoni.

Mtoto wa namna hii ukimwambia kila Jumatatu kwamba sayansi ndiyo kila kitu, unamuumiza. Nasema hivyo nikijua ni maneno mazito. Watafiti Elizabeth Canning na Judith Harackiewicz walionyesha mwaka 2015, kwa wanafunzi wa chuo, kwamba kumtangazia asiyejiamini faida za somo kunaweza kumpunguzia hamu, ilhali akiitafuta faida hiyo mwenyewe na kuiandika kwa maneno yake, hamu inapanda. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Harackiewicz na Chris Hulleman walikuwa wamelijaribu jambo hilo katika madarasa ya sayansi ya sekondari huko Marekani. Kundi moja liliandika muhtasari wa somo, jingine likaandika jinsi somo linavyogusa maisha yao. Walionufaika, kwa hamu na kwa alama, ni wale waliokuwa wakitarajia kufanya vibaya. Hawakuongezewa kitabu wala tuisheni.

Nami nafanya hivyo darasani, na ninawasihi walimu wenzangu wajaribu. Mada ikiisha, dakika kumi, aya moja, Kiswahili kinaruhusiwa: hili tulilosoma linamhusu nani nyumbani kwenu? Tulipomaliza osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea penye chumvi nyingi, binti mmoja aliandika kuhusu samaki ambao shangazi yake huwatia chumvi kabla ya kuwaanika, akaeleza maji yanatoka wapi na kwa nini samaki haozi. Kijana mwingine, baada ya mada ya homoni, aliandika kuhusu kisukari cha bibi yake na kwa nini insulini, dawa yake ambayo ni homoni, haimezwi kama vidonge, inachomwa sindano. Aliniuliza swali baada ya kipindi, kisha jingine kesho yake. Sikumwambia kwamba Biolojia ni muhimu. Bibi yake ndiye aliyemwambia.

Kuhusu heshima, ile ya kutochekwa, ningependa wakuu wa shule wanisikilize kwa makini. Kijana wa Kidato cha Tatu anayejibu jeuri mara nyingi anailinda. Akilazimika kuchagua kati ya kuonekana mkorofi na kuonekana mjinga, atachagua ukorofi, kwa sababu mkorofi ana marafiki na mjinga anachekwa. Kumchapa mbele ya wasichana wa darasa lake ni kukivunja kitu anachokithamini kuliko divisheni yoyote unayoweza kumwahidi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na kila anayefundisha anajua jinsi kanuni hizo zinavyopuuzwa. Mimi ningeviondoa kabisa. Mwoga husoma mpaka aliyeshika fimbo aondoke.

Ndiyo maana nilifurahi NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, ilipoamua Januari 2023 kuacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Wapo wenzangu waliosema ari imeuawa. Ari ya nani? Kati ya maelfu waliofanya mtihani, ni wangapi walikuwa na njia ya kufika kwenye kumi ile? Mwalimu Nyerere alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba elimu ya kikoloni ilimlea mtu kujitazama yeye peke yake badala ya kushirikiana. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado mahubiri yetu ya mstarini yanamtaka mtoto aliyelelewa katika nyumba ya watu tisa asome kwa ajili ya gari lake.

Wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, tangu serikali iliporuhusu mwaka 2021, wamenifundisha kuhusu ari kuliko kozi yoyote. Si wengi, na wanaorudi wanapita katika maneno machungu ya mtaani. Lakini niliowafundisha mimi wanakaa mbele na wanauliza bila aibu. Ukiwauliza wanasomea nini, wanataja jina la mtoto. Swali la maana ya masomo kwao limeshajibiwa. Wanachohitaji ni mtu wa kubaki na mtoto kwa muda wa saa sita kila siku, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Hotuba haileti mlezi.

Basi kwa yule kijana wa dagaa, dawa yangu inaanzia kwa mama yake. Mama pekee ndiye mwenye mamlaka ya kubadili maana ya kuwa mwana mwema ndani ya nyumba ile. Nimekaa na wazazi wa aina hiyo, shikamoo na marahaba zikiisha, tukapanga mambo madogo yanayowezekana. Kuingia majini usiku ni marufuku, maana ziwa linaua. Kuanika dagaa Jumamosi, sawa. Wiki ya testi, hata giza likiwa zito, mtoto haonekani mwaloni. Halafu ninamwomba mama aseme mwenyewe, kijana akisikia: mwanangu, kwa sasa kazi unayonifanyia mimi ni kusoma. Nimeona mabega ya kijana yakishuka aliposikia maneno hayo. Si kila mama anaweza kuyasema, kwa sababu si kila nyumba inaweza kuacha hela ya mwaloni, na ada kufutwa mwaka 2016 hakukufuta njaa wala bei ya sare. Kwa nyumba hizo namtafuta ofisa ustawi wa jamii wa kata na kuuliza kama kaya iko kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini. Mara nyingine ipo na mama hajui ratiba ya malipo.

Vikao vyetu vya wazazi wa Kidato cha Kwanza, Januari, vina ajenda zinazojulikana: michango ya uji, madawati, sare, ulinzi. Ninawaomba wakuu wa shule waongeze moja, na iwe ya kwanza kabla watu hawajachoka na kuanza kutazama saa: kila mzazi aeleze mtoto wake ana majukumu gani nyumbani, ya saa ngapi, na lipi linaweza kupunguzwa. Mwalimu wa darasa ayaandike. Muhula ukianza atayahitaji kila anapokaribia kuandika ile U.