Mwacheni kijana ateleze!
Julai hii kusi linavuma Malindi, nami niko barazani na simu, natazama vijana wa hoki ya barafuni kwenye kambi yao ya kiangazi huko Marekani. Raha tupu, lau si hawa wenzangu! Kijana ana miaka 18, timu ya ligi kuu (NHL) imemchagua juzi tu Juni, timu zilipochagua vijana kwa zamu. Akikosa pasi moja: "Huyu hamna kitu!" Kwa mazoezi ya kuzunguka koni? (Msemaji mwenyewe barafu anayoijua ni ya juisi ya ukwaju.) Mrusi Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 kwenye uchaguzi kama huo mwaka 1998, akaja kutwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, mara mbili na timu ya Detroit. Hawa wangemrudisha Urusi kwa dau siku ileile. Na bando ni langu!