Mpelelezi aliyeshindwa ndiye ninayemtaka

Wiki iliyopita nilisoma Stumptown kwenye matatu ya kutoka Kisumu kwenda Busia, na tulipopita Luanda nilikuwa bado nimekwama kwenye ukurasa uleule. Ni hadithi ya uhalifu iliyochorwa, kazi ya Greg Rucka na mchoraji Matthew Southworth, iliyoanza kutoka 2009. Dex Parios ni mpelelezi wa kibinafsi huko Portland, Marekani. Kazi anaijua. Kinachommaliza ni kamari: kasino inamdai dola 18,000, na mama anayeisimamia anamwambia deni litafutwa akimpata mjukuu wake aliyepotea.

Sisi tuliolelewa na riwaya za Kiswahili hatukumzoea mpelelezi wa namna hii. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, huvuta kiko chake, akawaza, fumbo likafumbuka. Willy Gamba wa Elvis Musiba hata akitekwa unajua atatoka. Nawapenda wote wawili, ila sijawahi kuwahofia. Dex nilimhofia. Naamini ni kwa sababu ya michoro: uchovu hausimuliwi, unauona usoni mwake, kisanduku baada ya kisanduku, naye hajasema kitu.

Uso ule nilishauona. Pikipiki ya kaka yangu iliibwa Kondele, hapa Kisumu, polisi tukaandikisha, wiki tatu kimya. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja anayesifika kwa kutafuta pikipiki. Mara mbili alichukua pesa ya mafuta. Mara ya tatu alikuja kwetu Nyalenda jioni, akavua viatu mlangoni, kidole gumba kimetokeza kwenye soksi, akakishika kikombe cha chai bila kukinywa.

"Mama, nimeshindwa," alimwambia mamangu.

Akafungua daftari la shule, akatusomea kila alikopita: Ahero, Maseno, Mbale, fundi gani alimuuliza, nauli ilikuwa ngapi. Kisha akaweka mezani shilingi mia nne zilizobaki.

"Kunywa chai kwanza, mzee," mama akamjibu.

Pikipiki haikupatikana. Lakini yule mzee namheshimu kuliko mashujaa wote niliowasoma, na inaniuma kwamba hayumo katika vitabu vyetu. Wachoraji hatujawahi kukosa. Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau, alisomwa kwenye gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi. Basi mtu atuchoree mpelelezi wa Kisumu. Awe na madeni ya kubeti, awe na mtu nyumbani anayemtegemea, kama Dex na nduguye Ansel. Tumwone Kibuye siku ya Jumapili, soko limefurika, anauliza maswali na wauza mitumba wanamjibu bila kuinua macho. Na usiku, kisanduku kizima kisicho na neno hata moja, anapiga hesabu ya nauli kwenye daftari.